Mwiko, Mafunzo na Kitabu: Historia ya Mjadala wa Elimu ya Unyumba katika Nchi Yetu

Hapana taifa lisilokuwa na miiko yake, na hapana taifa lililoweza kulea watoto wake kwa miiko mitupu bila ya mafunzo. Mwiko humwambia mtoto asiguse. Mafunzo humweleza kwa nini asiguse, na ni lini utakapofika wakati wake wa kugusa. Katika mambo mengi ya malezi vitu hivi viwili hufuatana kama mtu na kivuli chake. Lakini katika jambo moja, nalo ni jambo la unyumba na uzazi, mara nyingi katika historia yetu vimetengana: mwiko umebaki, mafunzo yameondoka. Makala hii yakusudia kueleza jinsi utengano huo ulivyotokea, hoja zilizotolewa na kila upande, na funzo tunaloweza kulipata.

Napenda kuanzia nyumbani. Nilizaliwa na kusoma shule ya msingi Mwandiga, kaskazini ya mji wa Kigoma, mahali ianziapo barabara ya Manyovu kuelekea mpaka wa Burundi. Ni mahali pa soko: mawese na muhogo kutoka vijijini, dagaa kutoka ziwani, kahawa kutoka milimani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vitabu vya shule vilikuwa vichache, nasi tulisoma wanne kwa kitabu kimoja. Katika kila kitabu cha sayansi cha darasa letu kurasa mbili zilikuwa zimebandikwa pamoja kwa uji wa muhogo. Kurasa za uzazi wa mharage hazikuguswa, wala zile za kuku. Zilizobandikwa zilikuwa za uzazi wa binadamu. Mwalimu alipofika hapo alituambia tufungue ukurasa unaofuata, nasi tukafungua. Hapana aliyeuliza.

Miongoni mwa wanne tuliotumia kitabu kile alikuwamo msichana aliyetushinda sote katika hesabu. Miezi michache kabla ya mtihani wa darasa la saba alionekana kuwa mja mzito, akafutwa shule. Kijana aliyehusika hakutajwa. Mimi nikaendelea na masomo. Nitamrudia msichana huyo mwishoni, kwa kuwa kisa chake ndicho kilichonifanya nishike kalamu.

MAFUNZO YA WAZEE

Wapo wasemao kwamba kuzungumza na vijana habari za unyumba ni desturi ya kigeni. Maneno haya hayana ushahidi katika mila zetu. Kwetu Buha msichana aliyekaribia kuolewa alifundishwa na shangazi yake na bibi yake; mvulana alifundishwa na babu yake, au na wajomba na kaka zake wakubwa. Haikuwapo sherehe kubwa wala ngoma ya kutangaza. Yalikuwapo mazungumzo ya jikoni na ya shambani, yenye maneno machache yaliyopimwa.

Ujiji, umbali wa saa chache kwa miguu, mambo yalikuwa na sura nyingine. Mji ule ulikuwa kituo kikuu cha misafara ya karne ya 19. Ndipo walipokutana watu wa pwani, Wajiji, Wamanyema waliovuka ziwa kutoka Kongo, na wengine wengi. Mila za pwani zilifika pamoja na dini ya Kiislamu, lugha ya Kiswahili na vazi la kanga, na wanawake wa mji wakajua maana ya somo na kungwi. Mbali zaidi, kwa Wazaramo, Wamakonde, Wayao, Wamakua na wengineo, jando na unyago vilikuwa shule kamili, zenye walimu wake, nyimbo zake, vifaa vyake na mtihani wake.

Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa pwani ya Bagamoyo aliyefundisha Kiswahili Berlin, alizieleza mila hizi katika kitabu cha desturi za Waswahili kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903. Alizieleza bila kuona haya na bila kuzifanyia mzaha. Kabla yake, mnamo mwaka 1858, Mwana Kupona binti Msham alimtungia binti yake utenzi akiwa katika ugonjwa, akamwusia habari za dini, adabu, nyumba na mume. Wasomaji wa leo wanaweza kubishana na baadhi ya wasia wake. Lakini hapana awezaye kusema kwamba mama yule aliona aibu kumfundisha mwanawe maisha ya ndoa.

Je, wazee hawakuwa na mipaka? Walikuwa nayo, tena mikali. Ila haikuwa mipaka ya jambo. Ilikuwa mipaka ya mahali, wakati, mtu na lugha. Baba hakumfundisha binti yake, wala mama hakumfundisha mwanawe wa kiume. Kazi hiyo ilikuwa ya shangazi, babu, somo au kungwi. Asiyefikia umri hakuambiwa. Wavulana na wasichana hawakuchanganywa. Na maneno yenyewe yalivikwa nguo: msichana alivunja ungo, mwanamke aliingia mwezini, mume na mke walikuwa na unyumba. Hiyo ndiyo tafsida, nayo ni hazina kubwa ya lugha yetu. Tafsida haifichi jambo. Hulifikisha kwa anayestahili kulijua, na kumpitisha kando asiyestahili.

Haki yatutaka tuseme pia kwamba si kila lililofundishwa huko lilikuwa jema. Mahali pengine msichana alifundishwa utii tu, asifundishwe haki yake. Pengine aliitwa mtu mzima naye bado ni mtoto, akaozwa. Na katika baadhi ya makabila mafunzo yaliambatana na ukeketaji, ambao Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliufanya kosa la jinai ukitendwa kwa msichana aliye chini ya miaka 18. Kuisifu mila hakutuzuii kuichuja.

MISHENI NA JANDO LA MASASI

Wamisionari wa London walifika Ujiji mwaka 1878, na Mapadre Weupe wakafika mwaka uliofuata. Huko kama kwingineko katika Tanganyika, wengi wa wageni hao waliziona ngoma za wari kuwa uchafu, wakawakataza waumini wao. Sheria ya kwanza ya kufunga midomo katika jambo hili ilitoka kanisani kabla ya kutoka serikalini.

Lakini hata miongoni mwao ulikuwapo ubishi. Mfano ulio mashuhuri ni wa Masasi. Padre William Vincent Lucas wa Misheni ya Vyuo Vikuu, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi kuanzia mwaka 1926, alitambua kwamba kijana aliyezuiwa kwenda jandoni hakupata kitu kingine badala yake. Yeye hakuliondoa jando. Aliliingiza katika kanisa. Wavulana walikwenda porini pamoja na padre, wakatahiriwa, wakafundishwa adabu na dini kwa pamoja. Wapo wamisionari wenzake waliomlaumu kwa kulibatiza jambo la kipagani, na wapo wazee waliomlaumu kwa kuwanyang'anya jambo lao.

Kwa wavulana mpango ule ulifanikiwa kwa kiasi kikubwa. Kwa wasichana ulikuwa mgumu zaidi, kwani siri ya unyago ilikuwa mikononi mwa wanawake, nao hawakuwa tayari kuitoa kwa padre. Kisa cha Masasi chatufundisha jambo lililosahauliwa mara nyingi katika mjadala huu: swali la kwanza si nini kifundishwe, bali ni nani mwenye haki ya kufundisha.

UHURU NA UTAMADUNI WA TAIFA

Tarehe 10 Desemba 1962 Mwalimu Nyerere, akilihutubia Bunge baada ya kuapishwa kuwa Rais, alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alisikitika kwamba vijana waliosoma walizijua dansi za kigeni kuliko ngoma za kwao. Kuanzia hapo ngoma zilitoka vijijini zikaingia mashuleni na majukwaani. Sindimba ya Wamakonde, yenye nasaba na mafunzo ya jando na unyago, ikachezwa nchi nzima. Watu wengine wakalalamika kuwa mtikisiko wa viuno haufai mbele ya watoto, wengine wakaitetea kuwa ni urithi. Katika ubishi huo wote jambo moja halikutazamwa sana: kwamba ngoma ilikuja mjini, lakini somo lililokuwa ndani yake liliachwa porini. Tulichukua kiuno, tukaliacha funzo.

Katika miaka hiyo hiyo mipaka ya heshima iliwekwa kwa amri. Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio lililozaa Operesheni Vijana, iliyoanza tarehe 1 Januari 1969, ya kupiga vita sketi fupi, suruali za kubana, nywele za bandia na madawa ya kujichubua. Nia ilikuwa kulinda utu wa Mwafrika. Hata hivyo wasichana ndio waliosimamishwa njiani na kudhalilishwa kwa ajili ya nguo zao. Kisha ikaja Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976, iliyoweka bodi ya ukaguzi. Serikali ilikuwa na sababu ya kukagua: picha nyingi zilizoletwa zilifanya mwili wa mwanamke kuwa bidhaa. Lakini ukaguzi una kawaida yake. Hujua kuondoa, haujui kuweka badala yake.

Upande wa pili, chama cha uzazi bora kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1959, ambacho baadaye kilijulikana kwa jina la UMATI, kilikuwa kikieneza elimu ya kupanga uzazi. Chama hicho kilipata tabu mbili. Kwanza, watu wengi waliona mpango huo ni hila ya wakubwa wa dunia ya kupunguza watu weusi. Pili, kilitakiwa kiseme na watu walioolewa tu, ilhali wasioolewa ndio waliopata mimba wasizozitaka. Hata jina lake, Chama cha Uzazi na Malezi Bora, lilikuwa tafsida njema: mlango ulikuwa uzazi, na sebule ilikuwa malezi.

Kwetu Kigoma mambo mawili yalikuwa na athari kubwa kuliko azimio lolote la mjini. Operesheni Kigoma ya mwaka 1972 iliwahamisha watu kutoka makao yao yaliyotawanyika na kuwaweka katika vijiji. Kisha Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaleta Elimu ya Msingi kwa Wote, iliyotekelezwa kuanzia mwaka 1977. Mambo haya yalileta shule, zahanati na maji, nami ni mmoja wa waliofaidika. Lakini yalibadili saa za mtoto. Asubuhi yake na adhuhuri yake zilikuwa za shule. Jioni ilikuwa ya shamba la shule na kuchota maji. Shangazi aliyekuwa jirani sasa aliishi kijiji kingine. Wazee waliona kwamba mtoto amekabidhiwa serikali, nayo itamfundisha yote. Walimu waliona kwamba jambo lile ni la wazee. Kila upande ulimtegemea mwenziwe, na katikati yao zikabaki kurasa zilizobandikwa.

KITABU KILICHOFUNGIWA

Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi, kijana wa Ukerewe, alichapisha riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika. Yasimulia habari za msichana aliyelelewa na baba mkali, aliyempiga kwa sababu ya barua ya mvulana. Rosa alipotoka nyumbani kwenda kusoma mbali, alikutana na ulimwengu asioufundishwa, na mwisho wake ukawa kifo. Kitabu kilieleza kwa uwazi mapenzi, mimba, utoaji mimba na walimu wanaowaharibu wanafunzi wao. Kilipigwa marufuku mashuleni.

Waliokipinga walisema kwamba mambo yale hayafai kuandikwa kwa Kiswahili fasaha na kuwekwa mikononi mwa wanafunzi. Kwamba kijana atasoma kosa la Rosa asisome adhabu yake. Hoja hii si ya kudharauliwa, kwa kuwa kitabu husomwa faraghani, bila kungwi wa kueleza. Waliokitetea walisema kwamba mwandishi hakuwafundisha wasichana uovu, bali aliwaonya wazazi: Rosa hakuangamizwa na kujua, aliangamizwa na kutojua. Kukifungia kitabu hiki kulikuwa sawa na baba yake Rosa kuichukia barua badala ya kusema na binti yake.

Mimi nilikisoma katika bweni la shule ya sekondari, kikiwa kimevikwa gazeti, kimechakaa kwa kupita mikono mingi. Tulikitafuta kwa sababu ya sifa yake ya kufungiwa. Tulipofika mwisho tulinyamaza. Nilimkumbuka yule mwenzangu wa hesabu. Baadaye riwaya hiyo ilikubaliwa, ikaingizwa miongoni mwa vitabu vinavyosomwa mashuleni, na walimu wakaifundisha mchana kweupe. Kezilahabi alipofariki mwezi Januari 2020 alihesabiwa miongoni mwa wakuu wa fasihi ya Kiswahili. Kitabu hakikubadilika hata neno. Tuliobadilika ni sisi, na kilichotubadilisha kilikuwa msiba.

NENO LILILOKATWA

Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Katika miaka iliyofuata ugonjwa ulifuata barabara, reli na meli, na tafsida ikapata kazi mpya ya huzuni: wafu walisemwa wamekufa kwa kuharisha, kwa kifua kikuu, kwa kurogwa. Mjadala ukawa mkali kuliko wakati wowote. Viongozi wengi wa dini walisema kwamba kutaja kondomu mbele ya vijana ni kuwaruhusu kuzini. Waganga wa hospitali walisema kwamba kutoitaja ni kuwaacha wafe. Katika nchi jirani ya Kenya ubishi huo ulifikia moto wenyewe: mwaka 1996 Kardinali Maurice Otunga aliongoza kuchomwa hadharani Nairobi kwa kondomu pamoja na maandishi yaliyoeleza matumizi yake.

Kwetu njia iliyofanikiwa ilikuwa ya kale. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kutangaza mchezo wa Twende na Wakati. Ndani yake alikuwamo Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, ambaye mwisho alipatwa na ugonjwa. Mchezo ulitangazwa jioni, watu wakiwa nyumbani. Watafiti walioulinganisha mkoa wa Dodoma, ambako haukusikika hadi mwaka 1995, na sehemu nyingine za nchi, waliona kwamba waliousikiliza walizungumza zaidi na wenzi wao na kutumia zaidi njia za uzazi wa majira. Hadithi ilifanya kazi ya kungwi. Ilisema yote, lakini iliyasema kupitia kwa mtu mwingine, ili baba aweze kucheka mbele ya mwanawe na mwana ajifunze bila kutazamwa usoni.

Hapana budi nami nikiri langu. Katika miaka hiyo, nikiwa mtumishi kijana wa utamaduni, niliwekwa katika kamati ya kupitia michezo ya kuigiza ya wanafunzi kuhusu UKIMWI. Mchezo mmoja ulitaja kondomu. Wajumbe tulibishana kutwa nzima. Mwisho tuliamua neno hilo likatwe na mahali pake liwekwe neno "tahadhari", na mimi ndiye niliyeshika kalamu. Siku ya maonyesho, mwigizaji alipofika mahali pale alisita, akatutazama sisi wakubwa wa mbele, akanyamaza. Uwanja mzima, wakiwamo watoto wadogo, ukamalizia neno lililokatwa kwa sauti moja. Watu walicheka sana. Mimi nilijiona nimevaa joho la mkaguzi wa kitu ambacho kila mtu alikwisha kukijua, isipokuwa matumizi yake.

Tarehe 31 Desemba 1999 Rais Mkapa aliutangaza UKIMWI kuwa janga la taifa, na mwaka 2001 ikaanzishwa Tume ya Kudhibiti UKIMWI. Mafunzo yaliingia mashuleni chini ya jina jipya, stadi za maisha. Hilo nalo lilikuwa tafsida, na kama tafsida zote njema lilifungua mlango uliokuwa umefungwa.

MIMBA, MATANGAZO NA VITABU

Usidhani, msomaji, kwamba mjadala ulikwisha hapo. Kanuni za mwaka 2002 ziliruhusu mwanafunzi kufukuzwa kwa kosa dhidi ya maadili, na mimba ikahesabiwa kuwa kosa hilo. Zanzibar ilikwisha kuruhusu wasichana waliojifungua kurudi shuleni mwaka 2010. Tanzania Bara, mwezi Juni 2017, Rais Magufuli alisema kwamba katika awamu yake mwanafunzi aliyepata mimba hatarudi. Hoja yake ilikuwa kwamba kumrudisha kungewapotosha wengine. Waliompinga walisema kwamba kosa la watu wawili linaadhibiwa kwa mmoja, ingawa marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 yalikwisha kuweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi. Mwezi Septemba 2018 matangazo ya uzazi wa majira katika redio na televisheni yalisimamishwa kwa muda. Kisha, mwezi Novemba 2021, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, Wizara ya Elimu ilitoa Waraka Na. 2 wa mwaka huo, unaoruhusu waliokatiza masomo, wakiwamo waliojifungua, kurejea shuleni.

Mwezi Februari 2023 Wizara hiyo hiyo ilitangaza kuvipiga marufuku vitabu 16 mashuleni na katika maktaba za shule, vikiwamo vya mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid wa Mmarekani Jeff Kinney, kwa sababu ya kwenda kinyume na mila na desturi zetu. Jirani zetu wa Uganda walikwisha kupita njia hiyo: mwaka 2016 walizuia mafunzo ya jinsi yaliyotoka nje, na mwaka 2018 serikali yao ikatoa mwongozo wake yenyewe, ambao nao ulipingwa na baadhi ya viongozi wa dini.

Serikali ina haki, tena ina wajibu, wa kutazama kinachoingia katika mfuko wa mtoto. Mzazi asiyejua mwanawe anasoma nini si mzazi. Lakini tangu kufungiwa Rosa Mistika hadi leo ni zaidi ya nusu karne, na hesabu ya muda huo yatufundisha kwamba kufunga peke yake hakujawahi kumlinda msichana. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba asilimia 27 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikwisha kuzaa au walikuwa waja wazito. Ule wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 22. Hesabu imeshuka, nasi tumshukuru Mungu, lakini bado ni zaidi ya msichana mmoja katika kila watano. Watoto hao hawakufunzwa na vitabu 16 vya kigeni.

MIPAKA IPI?

Maoni yangu ni haya. Wale wanaotaka kila jambo lisemwe kwa kila mtoto, mahali popote na kwa maneno yoyote, wamesahau hekima ya wazee kuhusu umri, faragha na lugha. Wale wanaotaka jambo lisisemwe kabisa, wakidai kutetea mila, wamesahau kwamba mila yenyewe ilisema. Hawa wa pili wamerithi ukimya wa wamisionari wakadhani ni urithi wa babu zao.

Mipaka iwepo, lakini iwe ile ya asili. Mafunzo yafuate umri. Wavulana na wasichana wawe na saa zao za faragha pamoja na saa zao za pamoja. Anayefundisha awe mtu anayeaminiwa, mwenye mwenendo mwema, na wanawake wazima wa kijiji waitwe shuleni kama walivyoitwa makungwi. Lugha iwe ya tafsida kwa ajili ya heshima, isiwe ya mafumbo yasiyofumbuliwa; mtoto ayajue majina ya mwili wake kama ajuavyo ya sehemu za ua. Na kila kinachofungiwa, anayekifungia aulizwe ameweka nini badala yake.

Mtunzi hawezi kumaliza bila beti, nami naomba radhi kwa hili moja:

Mwiko si jabali nene, la kuziba watu macho,
Ni mlango tuuone, hufunguliwa kwa kicho,
Mwana asome anene, ajue alicho nacho,
Tukinyamaza tupone? Dunia haina ficho.

Niliahidi kumrudia mwenzangu wa darasa. Yungali hai, na ni bibi sasa; huuza mawese na dagaa katika soko la Mwandiga, na mpaka leo hapana mnunuzi awezaye kumpunja hata shilingi. Mjukuu wake alipata mimba akiwa kidato cha pili, akajifungua, na baada ya waraka wa mwaka 2021 akarudi shuleni. Bibi ndiye anayemlea kitukuu. Siku moja nilimkuta kizimbani kwake, mjukuu akiwa pembeni anasoma kitabu cha baiolojia, kimefunguliwa mahali pale pale. Nilimwuliza kama haoni haya msichana kuketi na kurasa zile sokoni. Akanijibu huku akipima dagaa: "Haya niliiona zamani, ndugu yangu, na haikunisaidia. Mwache asome."